Mlioisoma Trade Wind ya M. M. Kaye: mwaipendea nini hasa?

#1 BintiKizingo

Salaam wanajamvi.

Juzi nimeokota Trade Wind ya M. M. Kaye kwa muuza vitabu vya mtumba pale Mwembe Tayari. Kitabu kinene, jalada limeshikizwa kwa selotepu, na ukurasa wa kwanza mtu kaandika kwa wino wa buluu: "Ukiazima rudisha, Mungu anakuona." Nikakianza Ijumaa usiku, kufika Jumapili nishapita nusu, chakula chaungua jikoni. Sasa nimekwama.

Kwa wasioijua: ni Unguja, mwaka 1859. Msichana wa Boston, Hero Hollis, anasafiri kwenda kwa ami yake ambaye ni konseli wa Marekani. Huko anangojwa na mchumba, Clayton Mayo, mtoto wa kambo wa huyo ami. Kichwani ana jambo moja tu, kukomesha utumwa. Anachukuliwa na wimbi kutoka melini, anaokotwa na nahodha Mwingereza, Rory Frost, ambaye riziki yake ni magendo ya bunduki na ya watu. Hapo ushajua nani atampenda nani.

Nimefika pale Rory anapomteka Hero kulipiza kisasi, na anayomfanyia huko. Mliosoma mwaelewa. Nikakifunga. Kuingia mtandaoni nakuta wanawake wazima wanasema ni riwaya tamu ya mapenzi kuliko zote walizosoma. Wengine wanasema wangeichoma moto. Niambieni nyinyi: nani kaisoma, na kilichompendeza ni nini?

#2 Mtwapa_Kavu

Aya tatu na umeshatueleza kitabu chote. Shukran, umeniokolea hela.

#3 JahaziLaKale

Mimi naipenda na sina haya kusema. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Yule mama aliijua bahari hii. Anajua kuwa kaskazi ikianza kuvuma majahazi yanashuka kutoka Arabuni na Ghuba, bandari inajaa wageni, mji unalala na kufuli mbili. Anajua kusi ikigeuka wanaondoka na mizigo yao. Hadithi nzima inakwenda na upepo, na jina la kitabu ndilo hilo. Vitabu vingapi vya wazungu vimeandikwa kuhusu pwani hii, upepo ukawa ni wa kupeperusha nywele za mwanamke tu?

Halafu mji. Nyumba za mawe, barza, vichochoro ambavyo ukikutana na punda mmoja wenu lazima arudi nyuma. Nimezaliwa Kibokoni, najua mtu anayeeleza kichochoro alichokipita na mtu anayekisia. Huyu alikipita.

Hilo la utekaji nyara silitetei. Lakini kurasa ni mamia, na hizo ni chache.

#4 Kengeleni75

Chache kwako, namba 3.

Mimi wa Kisauni, upande wa Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa. Kwetu hatusimuliani habari za upepo. Twasimuliana nani alishushwa kutoka jahazi gani, na nani hakujua tena alikotoka kwa kuwa aliuzwa mdogo mno kukumbuka jina la kijiji. Walipewa majina mapya, wakapewa vijishamba, na kengele ikatundikwa iwe inagongwa wakionekana wakamataji. Kengele ile bado ipo, mwaipita kila siku mkienda Nyali na hamuitazami.

Sasa mwaniambia nimpende nahodha aliyekuwa akibeba watu kwa sababu ana maneno matamu na kifua kipana? Nilisoma sura kumi, nikakirudisha kwa mwenyewe.

#5 ShangaziTudor

Wanangu, hiki tulikisoma bwenini, nakala moja ikizunguka mabweni manne. Ukikiweka mezani kinajifungua chenyewe pale pale Binti alipokwama. Hizo ndizo kurasa zilizokuwa zimechakaa, zingine zote mpya. Jumlisha mwenyewe.

Wala hakuna hata mmoja wetu aliyesema hili ni kosa. Tulisema Rory ana hasira. Sasa nina mabinti watatu na mkwe, ningekuwa mkali kidogo.

#6 Kijana_wa_Bondeni

Shangazi 😂😂😂

#7 Mvita_Asilia

Kwa wanaomlaumu Hero kuwa mjinga, kumbukeni aliwasaidia wale binti wafalme wa Unguja na ndugu yao Barghash, na Barghash ndiye aliyekuwa akitaka kukomesha biashara ya watumwa dhidi ya nduguye, Sultani Majid. Kwa hiyo alikuwa upande wa haki hata kama mapenzi yake yalikuwa na kasoro.

#8 MwalimuMstaafu

Namba 7, hapana. Hivyo ndivyo Hero alivyodanganyika kitabuni, na wewe umedanganyika pamoja naye.

Baba yao, Sayyid Said, alifia baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Omani. Majid akashika Unguja, Thuwaini akashika Omani. Barghash alikuwa na baba yake melini, na tangu kufika nchi kavu alikuwa anautaka ufalme. Mwaka 1859 akaasi, na waliomuunga mkono walikuwemo Waarabu wenye mashamba, ukoo wa Al-Harthi ukiwa mbele. Watu wa karafuu hao, na karafuu ililimwa na nani? Waingereza walikuwa nyuma ya Majid. Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay.

Akatawala baadaye, 1870, Majid alipofariki. Mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini aliutia saini tarehe 5 Juni 1873, na hakuutia kwa hiari: aliambiwa manowari zitaizunguka Unguja zisiingize wala kutoa kitu.

Kaye hilo amelipanga vizuri. Hero anadhani anasaidia ukombozi, kumbe anatumiwa katika ugomvi wa ndugu juu ya kiti.

#9 Mvita_Asilia

Sawa mwalimu, lakini aliutia saini au hakuutia?

#10 MwalimuMstaafu

Mwizi aliyerudisha mbuzi baada ya kuona mbwa, utasema ametubu?

#11 Mpemba_wa_Marikiti

Mmesahau utamu wenyewe: Barghash kutoroka nyumbani kwake amezungukwa na askari, kavalishwa nguo za kike, katikati ya dada zake na vijakazi. Hilo halikutungwa. Salme, mmoja wa dada hao, mwenyewe kalieleza katika kumbukumbu zake alizochapisha kwa Kijerumani 1886. Alikuwa na miaka kumi na mitano tu, na ndiye aliyekuwa katibu wa uasi kwa sababu alijua kuandika. Na kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Mtu ana binti kama huyo ndani ya kitabu chake, halafu anatuletea mtoto wa Boston awe ndiye mhusika mkuu. Hapo ndipo mimi na Kaye tulipoachana.

#12 Daktari_wa_Nahau

Namba 11 kagusa penyewe. Kama mwataka mapenzi ya kihistoria yenye hatari ndani yake, ya Salme ni ya kweli. Kapendana na Mjerumani jirani, Ruete, kachukua mimba, 1866 katoroshwa kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, wakaoana huko mwaka uliofuata. Hamburg wakazaa, na 1870 mume akagongwa na tramu akafa. Kabaki na watoto watatu kwenye baridi ile, ndugu zake Unguja hawamtaki. Hakuna mwandishi wa mapenzi angethubutu kumuua mume kwa tramu.

#13 JahaziLaKale

Namba 11, huyo bwana aliandika kwa wasomaji wa Uingereza. Ulitaka wamnunue nani?

#14 Mpemba_wa_Marikiti

Si bwana. Mary Margaret. Na juu kule kwenye namba 3 ulimuita "yule mama", amebadilika lini?

#15 JahaziLaKale

Kidole kimeteleza, mwalimu wa Pemba. Endelea na nazi zako.

#16 Wakili_Asiye_na_Kesi

Mimi nadhani jibu liko hapo hapo. Kaye kazaliwa Simla, India, 1908, katika familia ya Waingereza waliotumikia serikali ya kikoloni vizazi na vizazi. Kaolewa na afisa wa jeshi. Ulimwengu wake wote ni ule ambao mzungu ana haki ya kukosea halafu asamehewe, na mwenyeji ana haki ya kufa ili mzungu ajifunze kitu. Tazameni Zorah.

Zorah, kwa wasiosoma, ni suria wa Rory, mama wa mtoto wake. Clayton, yule mchumba mwenye adabu za Boston, ndiye aliyemharibia, na Zorah akafa kutokana na hilo. Ndipo Rory naye akamchukua Hero, jicho kwa jicho. Yaani mwanamke mmoja kaonewa, na haki yake inatafutwa kwa kumuonea mwanamke wa pili. Halafu Clayton anabaki kuwa nduli, na Rory anabaki kuwa bwana harusi. Tendo ni lile lile.

#17 BintiKizingo

Namba 16 asante, ndicho hasa kilichonikaa kooni nikashindwa kukisema. Tendo ni lile lile.

#18 Nahodha_Bila_Meli

Lakini je, hamuoni kwamba mwandishi amefanya hivyo kwa makusudi? Kawaweka wanaume wawili kando kando, kosa moja, mmoja kavaa shati safi na mwingine mchafu. Kisha anakuuliza wewe msomaji: mbona huyu unamsamehe? Mimi nilisoma hivyo. Kitabu kinakutega, na ukikipenda umenasa.

#19 Wakili_Asiye_na_Kesi

Ingekuwa mtego, mwishoni asingewapandisha meli moja huku upepo ukivuma vizuri. Mtego gani unaokupa keki?

#20 Mtwapa_Kavu

Sasa na mwisho nimeujua. Asanteni, sina haja ya kukinunua kabisa.

#21 ShangaziTudor

Naona nyote mwatafuta maana kubwa. Riwaya za aina hii miaka ile zote zilikuwa hivyo, wala si Kaye peke yake. Hiki kimetoka 1963. Msichana mwema hakuruhusiwa kumtaka mwanamume. Akimtaka, ni malaya. Basi mwandishi anafanyaje? Anamlazimisha. Msichana anapata mwanamume na jina lake linabaki safi, kwa kuwa hakutaka. Ni hila mbovu, lakini ilikuwa ndiyo ndia pekee ya kuandika hamu ya mwanamke ukachapishwa, na sisi tuliokuwa tukisoma bwenini tuliielewa bila ya kuambiwa na mtu.

#22 Kengeleni75

Shangazi heshima zako, lakini hiyo yaeleza Hero. Haielezi wale walio chini ya sitaha. Wao walilazimishwa kwa hila ya nani?

#23 ShangaziTudor

Hapo sina neno, mwanangu.

#24 KarafuuNaMdalasini

Naomba niseme kitu kisichopendeza. Utumwa wa huku haukuwa kama wa Marekani. Mtumwa aliweza kuachwa huru, suria akizaa mtoto wake ni huru, na masultani wenyewe, Majid, Barghash, hao wote mama zao walikuwa masuria. Kaye angalau kalionyesha hilo, kwamba Hero alikuja na picha ya Marekani kichwani akakuta mambo mengine.

#25 Kengeleni75

Najua utakalofuatisha. Waliolima karafuu mama yao hakuwa sultani.

#26 KarafuuNaMdalasini

Sikusema ilikuwa sawa. Nimesema ilikuwa tofauti. Hayo ni mawili.

#27 MwalimuMstaafu

Poleni pole. Nyote wawili mna la kusema na mtalala njaa mkibishana.

Niongeze kitu kinachokosekana katika mijadala ya kitabu hiki, nacho ni sheria. Watu hudhani manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata kila jahazi lenye mtumwa. Sivyo. Mkataba wa Hamerton wa 1845 ulikataza kuwapeleka watumwa nje ya himaya ya Sultani ya Afrika, yaani Arabuni na kwingineko. Kuwasafirisha kati ya Kilwa na Lamu ilikuwa ruhusa. Kwa hiyo mwaka 1859 jahazi lilipita mbele ya bandari yetu hii limejaa watu, lina karatasi zake safi, na nahodha wa manowari akalipungia mkono. Tatizo la Rory lilikuwa uraia: kwa Mwingereza kazi hiyo ilikuwa ni jinai popote pale.

Kwa hiyo Luteni Dan Larrimore anayemwinda Rory katika riwaya anawinda mtu mmoja, huku biashara yenyewe ikipita kihalali. Nadhani Kaye aliliona hilo na kulicheka kidogo.

#28 Kijana_wa_Bondeni

Mbona hakuna anayemzungumzia Dan? Kijana mwaminifu, ana mshahara, ana meli ya serikali. Mbona hachaguliwi yeye?

#29 BintiKizingo

Anampenda Cressy, binti ya ami. Na mwanamume mwenye mshahara haandikiwi riwaya, anaandikiwa barua ya mkopo.

#30 Kijana_wa_Bondeni

Nimeumia.

#31 Pamba_Nyeupe

Mwasahau unafiki mkubwa kuliko wote, nao uko kwenye mwili wa Hero mwenyewe.

Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said 1833, na konseli wao wa kwanza akafika 1837, mtu wa Salem, Massachusetts. Walikuwa wanaleta nini? Merikani, kitambaa kile kigumu cha pamba, kila mtu bara alikitaka. Kilifumwa kwa viwanda vya kaskazini, huko huko kwa kina Hero. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini, ambao hawakuachwa huru mpaka 1865. Kitambaa kinafika Unguja, kinapelekwa bara na misafara, kinabadilishwa kwa pembe, na mara nyingi kwa watu. Pembe zinarudi Connecticut kuchongwa vibonye vya piano.

Basi Hero anafika Unguja 1859 kuwakomboa watu wa huku, na gauni lililo mwilini mwake limelipiwa na mzunguko huo huo. Ami yake konseli kazi yake ni kuulinda. Kaye anamcheka Hero kwa ujuaji wake, tena vizuri, lakini sikumbuki kama aliwahi kufika kwenye pamba.

#32 Nahodha_Bila_Meli

Namba 31, sasa hilo ndilo bandiko la uzi huu. Ila ukiichukulia hivyo, hakuna riwaya ya karne ile itakayosomeka. Kila kikombe cha chai kina sukari ya mtu.

#33 Pamba_Nyeupe

Isomeke. Nimesema tu nani anamfunza nani.

#34 Mpemba_wa_Marikiti

Rory anamwambia Hero karibu yayo hayo, kwamba wazungu wakishaikomboa pwani wataichukua. Na ndivyo ilivyokuja kuwa. Kwa hiyo mwandishi kamtia ukweli kinywani mwa mtu mbaya kuliko wote. Ndiyo maana kinanisumbua kitabu hiki: nikitaka kumchukia Rory, anasema kitu cha maana.

#35 Wakili_Asiye_na_Kesi

Ni hila ya kale hiyo, kumpa mhalifu hotuba nzuri. Shetani naye ana hoja.

#36 SitiWaPate

Assalaam alaykum. Nimechelewa, nilikuwa na wageni.

Nina swali moja kwa wapenda kitabu. Mwaka 1858, mmoja tu kabla ya hadithi hii, mshairi Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, akamuita bintiye akae na wino na karatasi, akamtungia utenzi. Mwanamke wa pwani, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyepigana na Sayyid Said mwenyewe. Akili zake, lugha yake, hofu zake juu ya mtoto wake atakayebaki. Katika Unguja yote ya Kaye yuko wapi mwanamke kama huyu? Zorah apenda, alia, afa. Binti wafalme wapanga njama na kula halua. Anayefikiri ni mgeni peke yake.

#37 Kijana_wa_Bondeni

Bibi, samahani, lakini huyo huyo Mwana Kupona si ndiye aliyemwambia bintiye amtii mume, akilala asimwamshe, ampepee, amkande? Tulikariri shuleni. Hero angemkasirikia sana.

#38 SitiWaPate

Kariri tena, ukiwa umeoa. Kuna wanaousoma utenzi ule wakaona mama mwenye hila anayemfunza mtoto wake namna ya kuishi ndani ya nyumba ya mtu mwenye nguvu bila ya kuvunjika. Kuna wanaoona utiifu mtupu. Mimi kila miaka yangu ikiongezeka naona la kwanza.

#39 ShangaziTudor

Na mimi, dadangu.

#40 Daktari_wa_Nahau

Naona akina mama wameshikana, tuhame kidogo. Halua ya Unguja na ya Mombasa, ipi?

#41 Mpemba_wa_Marikiti

Hilo nalo ni swali?

#42 JahaziLaKale

Mombasa. Na tusiendelee, uzi utafungwa.

#43 Mtwapa_Kavu

Ya Wete, Pemba. Nimesema, nimekimbia.

#44 BintiKizingo

Rudini kwenye mada, utani baadaye. Nimeendelea kusoma.

Nimefika kwenye kipindupindu. Wakuu, hapa mwanamke huyu ameandika. Mji unazibika, maiti zinakaa, maji ya visima yanaua, mitaa iliyokuwa na kelele sura zilizopita inanyamaza. Hero anaacha hotuba, anakunja mikono, anaosha watoto wa watu. Hakuna mapenzi kwa kurasa nyingi na sikuyahitaji. Nilimpenda Hero kwa mara ya kwanza, na ilikuwa ni kwa sababu hakuwa na muda wa kunifundisha kitu.

Lakini kila nikigeuza ukurasa najua Rory atarudi, na najua mwandishi anataka nifurahi akirudi. Hapo ndipo ninapogombana naye.

#45 MwalimuMstaafu

Kipindupindu cha 1858 na 1859 ni cha kweli, kiliupiga mji ule vibaya. Burton, yule msafiri Mwingereza, alipita hapo wakati huo huo akirudi kutoka bara na akakiandika. Kikarudi tena 1869. Mji wa mawe, visima vifupi, makaburi katikati ya nyumba. Hakuna siri.

#46 Nahodha_Bila_Meli

Binti, unasema unagombana na mwandishi, na huku unasoma mpaka usiku wa manane. Kumbe kitabu kibaya husomwa hivyo?

#47 BintiKizingo

Sikusema kibaya. Nimesema nagombana.

#48 Mvita_Asilia

Nimekaa nikafikiri. Mimi naona sababu ya watu kukipenda ni ndogo kuliko mnavyoifanya. Kimetolewa upya 1981, baada ya kile kitabu chake kikubwa cha India, The Far Pavilions, kuuza sana. Watu waliokuwa wameshapenda mkono wake wakakisoma kwa macho ya mapenzi. Ukimpenda mwandishi, humsamehe mhusika?

#49 Wakili_Asiye_na_Kesi

Hiyo yaeleza mauzo, haielezi machozi. Namba 5 alilia bwenini bila ya kujua kitabu cha India kipo.

#50 ShangaziTudor

Nani kasema nililia? Nilisema kurasa zilichakaa.

#51 Kijana_wa_Bondeni

Shangazi 😂😂😂 kwa mara ya pili

#52 KarafuuNaMdalasini

Kuna jambo moja linaniudhi na hakuna aliyelitaja. Kitabu kinaishia na Unguja ikiwa mandhari ya mtu kuondoka. Sisi tuliobaki? 1873 soko la watumwa likafungwa, kanisa likajengwa pale pale. 1875 Mombasa hapa Al-Akida, kamanda wa askari, akagoma ndani ya Ngome, manowari za Waingereza zikaipiga mizinga. Ile yote ilikuwa ni mwendelezo wa mambo ya 1859. Ningeisoma riwaya ya hapo kwa siku moja.

#53 JahaziLaKale

Iandike basi. Weka kaskazi.

#54 KarafuuNaMdalasini

Na nimpe nani awe mhusika mkuu, ili nisigombane na Kengeleni75?

#55 Kengeleni75

Mpe aliyekuwa akigonga kengele. Mpe mpenzi pia, sijasema nachukia mapenzi. Ampende mvuvi wa Kongowea, wagombane juu ya mahari kama watu.

Na wewe BintiKizingo, ukimaliza nipe hicho kitabu nimalizie sura zilizobaki. Nataka kukiona hicho kipindupindu. Utanikuta Jumamosi baada ya alasiri pale wanapouza mihogo, upande wa Lighthouse.

#56 BintiKizingo

Umesoma kilichoandikwa ukurasa wa kwanza, lakini?

#57 Kengeleni75

Nitarudisha. Jalada silitolei ahadi.

#58 Mtwapa_Kavu

Baada ya Kengeleni ni zamu yangu. Nishajua mwanzo, kati na mwisho, nataka nikione kwa macho yangu kama mmesema kweli.

#59 SitiWaPate

Foleni ianzie nyuma yangu, wanangu. Nimekiponda bila ya kukifungua tangu kilipotoka, sasa yanibidi nikisome.